Kiti cha Fundi Umeme

Kwenye gereji ile mafundi wa kutegemewa walikuwa wawili tu, nao walikuwa mume na mke. Mume alishughulika na injini. Watu walimwita Kimya, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Mke alishughulika na umeme wa magari, wakamwita Cheche, na sababu yake ilijieleza yenyewe kabla hujamaliza kumsalimia. Aliyewapa majina yote mawili alikuwa mpaka rangi wa kibanda cha jirani, mtu aliyependa kuchokoza wenzake kuliko alivyopenda brashi yake. Alisema siku ya harusi yao waligawiwa maneno ya watu wawili kama maharusi wengine wote, ila mke alifika kwenye foleni mapema akachukua na ya mwenzake.

Cheche hakuona ubaya. Alijua kusema na alijua kazi. Alikuwa akilala chali chini ya dashibodi, kichwa kwenye pedali na miguu nje ya mlango, akafuata waya mmoja uliokatika katikati ya rundo la nyaya mpaka akaupata. Alikuwa ameishi na Kimya hadi watoto wao wakaanza kuazima viatu vya baba yao bila ruhusa. Katika muda huo alikuwa amejifunza kuusoma ukimya wa mumewe: kuna wa njaa, kuna wa kupiga hesabu, na kuna ule wa nimechoka, usinianze. Alijivunia kwamba anamjua ndani nje, na akiwa na dada zake alipenda kuwaambia hivyo hata kama hawakuuliza.

Kisha akaja Daktari.

Alikuwa daktari wa meno, mwanamke wa makamo, mchangamfu, si mrembo wa kugeuza shingo za watu. Hilo lilimuudhi Cheche sana baadaye, kwa sababu angekuwa mrembo ingekuwa rahisi kujua pa kumchukia. Alikuja na gari dogo la michezo, la kijani, milango miwili na viti viwili tu, lenye sura ya kutisha na mwendo wa gari la kwendea sokoni. Mpaka rangi alilitazama akasema ni gari lenye mbio nyingi likiwa limesimama. Lilitoka kiwandani bila tabo. Nyuma yake ilikuja pikapu imebeba injini ndani ya turubai, injini ya toleo la gari hilohilo lililotoka na tabo, na Daktari alitaka ile ya zamani itoke, hii iingie.

Kimya alifunua turubai, akapitisha kidole kwenye ile tabo polepole. Tabo ni kitu kilichojikunja kama konokono, kimebandikwa ubavuni mwa injini. Moshi unaotoka ndio unaoizungusha, nayo inaisukumia injini hewa, basi injini inapata pumzi ambayo wenzake hawana.

"Inawezekana?" Daktari aliuliza.

Kimya ni mtu ambaye mteja akimuuliza kitu hujibu kwa kidevu. Siku hiyo alisema, "Inawezekana, lakini si kuchomoa na kuchomeka. Bomba la moshi halitakaa. Rejeta itakuwa ndogo. Pampu ya mafuta itashindwa kuilisha, na klachi itaanza kuteleza. Halafu kuna nyaya. Injini hii inaelewana na kompyuta yake tu, na kompyuta hiyo hailijui gari hili. Hapo ni kazi ya mke wangu."

Cheche alikuwa amesimama na testa yake ya kupimia umeme mkononi. Maneno mengi kiasi hicho, nyumbani kwao yangetosha wiki.

Kazi ikaanza. Injini ya zamani ikainuliwa kwa mnyororo, ikashushwa kwenye tairi kuukuu pembeni, na Daktari akaanza kuja kila alasiri akifunga kliniki yake. Mara ya kwanza alisimama. Mara ya pili alikuta ameandaliwa stuli, na stuli ile ilikuwa imepanguswa. Cheche aliyafanyia kazi magari ya watu pale chini miaka yote, akakalia makopo ya rangi, matairi, na mara moja betri, wala hajawahi kupangusiwa chochote. Halafu akaona kwamba saa ya Daktari kufika ikikaribia, Kimya huenda kwenye bomba akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni.

Na walikuwa wanaongea. Hilo ndilo lililomchoma. Daktari akikaa pale kwenye stuli huuliza hiki na kile, naye Kimya, huku akikaza nati, anajibu. Anajibu kwa sentensi. Wakati mwingine anacheka, kicheko kifupi kinachotoka puani, ambacho Cheche alikuwa amekizoea kama kitu cha siku za sherehe.

"Shemeji," mpaka rangi alimwambia siku moja, akijifanya anatafuta kopo, "usimlaumu mwenzio. Kazi ya yule mama ni kufumbua midomo ya watu. Huyu wako kafumbuliwa bila hata ganzi."

"Kapake rangi," Cheche alimjibu.

Wivu ukamwingia, tena wivu wenyewe, si ule wa kutaniana. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Cheche hakukonda. Alipata hamu ya kula ya ajabu, akawa anatafuna hata ashibapo, na kila alichotafuna kilikuwa na sura ya Daktari. Hakudhani mumewe ana lolote la aibu na yule mwanamke. Angedhani hivyo, angefanya fujo, majirani wangejaa, mambo yangeisha. Kijiba cha roho chake kilikuwa cha kitu ambacho asingeweza kumshtakia mtu: mwenzake anapewa maneno, yeye hapewi.

Nyumbani alirusha mishale. "Naona siku hizi sabuni inaisha gereji kuliko hapa," alisema akipakua chakula.

"Mm," Kimya alisema.

"Watu wengine wana bahati. Wakikaa tu kwenye stuli, mawe yanaongea."

Kimya alimtazama kama mtu anayesikia mlio ndani ya injini na hajui unatoka wapi, kisha akaendelea kula. Watoto walitazamana. Cheche aliondoa sahani ya mumewe kabla hajamaliza, na hata hilo halikuleta neno.

Siku iliyozidisha yote, Cheche alikuwa chini ya dashibodi, anaunganisha fungu la nyaya za injini mpya na nyaya za gari. Boneti ilikuwa wazi. Kimya na Daktari walikuwa upande wa mbele, na nadhani walikuwa wamesahau kwamba ile miguu iliyoning'inia mlangoni ina masikio.

"Na wewe mwenyewe fundi," Daktari alisema, "hukuwahi kutaka gari kama hili?"

Cheche alijua swali lile halingefika popote. Alikosea.

"Niliwahi kuwa na injini," Kimya alisema. "Ya tabo, karibu sawa na hii. Nilikuwa kijana. Niliifunga kwenye blanketi nikaiweka chini ya kitanda changu, nasubiri nipate gari la kuitia. Kila jioni nilikuwa naitoa naipaka mafuta."

"Ikaenda wapi?"

"Niliiuza nilipooa. Tukafungua gereji."

Daktari alisema pole. Chini ya dashibodi Cheche alibaki na nyaya mbili mkononi, moja ya bluu na moja nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kazi hakukumbuka ipi inakwenda wapi. Kitanda kile alikuwa anakijua. Ndicho walichoanzia maisha. Amefagia chini yake mara zisizo idadi, na siku zote palikuwa na baka la mafuta kwenye sakafu ambalo alilisugua akalishindwa, akaambiwa, "Lilikuwepo." Sasa mwanamke wa meno, aliyefahamiana na mumewe juzi, ndiye aliyeambiwa baka lile ni la nini. Alisikia machozi yakimtelemkia kuelekea masikioni, maana alikuwa amelala chali.

Hajakaa sawa, akasikia na la pili.

"Siku ya kwanza likitoka, nitapanda mimi, au siyo?" Daktari aliuliza. "Nataka niwe wa kwanza kuisikia hiyo pumzi."

"Tutaona," Kimya alisema.

Hapo inabidi nieleze jambo. Wale wawili walikuwa na desturi yao. Gari lililobadilishwa injini likitoka gereji mara ya kwanza, Kimya anaendesha na Cheche anakaa pembeni, testa mapajani na boksi la fyuzi miguuni, anasikiliza na kunusa. Mteja anasubiri langoni. Ilianza kama mahitaji ya kazi, kwa sababu waya ukishika moto ni lazima fundi umeme awepo, lakini ikawa ndiyo matembezi yao. Wenzao wanapelekana kula na kunywa. Wao walipelekana barabarani kwa magari ya watu, na Cheche alipenda namna Kimya anavyogeuka baada ya kona ya kwanza kumwangalia, kumuuliza kwa macho, "Unasikia?" Lori limemchukua, teksi zimemchukua, hata gari la kubebea maiti. Hili lilikuwa na kiti kimoja tu cha pembeni, na mumewe amesema tutaona.

Basi siku ya kumalizia, Cheche alifanya alichofanya.

Kuna soketi ndogo karibu na tabo, yenye nyaya mbili. Hiyo ndiyo inayopeleka amri ya kompyuta: sukuma hewa, punguza hewa. Ikiwa haijashika, injini haifi wala haipati dhara. Inawaka vizuri, inanguruma vizuri, ila pumzi kubwa haiji. Cheche aliisogeza soketi ile hadi mdomoni mwa mwenzake, akaiacha hapo bila kuibana. Kwa macho ilionekana imeshika. Hesabu zake zilikuwa rahisi: Daktari atapanda, gari litakuwa goigoi, watarudi wamenuna, na fundi wa kulitibu ni yeye peke yake. Kisha safari ya pili, ile tamu, itakuwa yake. Alifunga boneti akajiambia hajamdhuru mtu.

Lilipowashwa, gereji nzima ilisimama. Mpaka rangi alivua kofia. Injini iliunguruma kwa sauti nzito na safi, na Kimya aliifuta mikono yake polepole huku ametazama chini ili watu wasimwone anavyofurahi. Daktari alikuja na mkoba wake begani, akazunguka upande wa pili, akashika kitasa cha mlango.

"Samahani, Daktari," Kimya alisema. "Hicho ni kiti cha fundi umeme. Wewe utapanda likisharudi."

Alisema hivyo kawaida tu, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. Daktari alicheka, akaachia kitasa, akasogea. Cheche alisimama na testa yake. Kila kitu alichokitamani kwa majuma kilikuwa kimefunguliwa mlango mbele yake, na sasa hakukitaka. Angeweza kusema, "Ngojeni, nina kitu cha kukagua," afungue boneti, abane kile kidude, yaishe. Lakini Daktari alikuwa anamtazama, na mpaka rangi alikuwa anamtazama, na kuonekana amesahau soketi mbele ya watu wawili wale lilikuwa jambo lisilowezekana. Alipanda.

Barabara ya nyuma ya maghala ilikuwa imenyooka na haina watu. Kimya aliipasha injini moto taratibu, gia ya kwanza, ya pili, jicho moja kwenye geji ya joto. Walipokata kona ya kwanza aligeuka, akamtazama mkewe, "Unasikia?" Cheche aliitikia kwa kichwa na kutazama nje.

Kisha Kimya akakanyaga mafuta.

Gari likavuta kidogo, likatulia, likaenda kama lilivyokwenda siku zote. Akashusha gia, akakanyaga tena. Hakuna. Alijaribu mara nyingine na nyingine, na kila mara bega lake lilishuka kidogo.

"Nimeiua," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Nimeiua tabo ya watu. Labda uchafu uliingia nilipoiacha wazi. Labda niliikaza vibaya." Alikuwa anaongea kwa kasi, sauti ya chini, hamwongeleshi mtu. "Nimekaa miaka yote nikijiambia kazi kama hii nikiipata nitaiweza. Nimeipata. Kumbe nilikuwa najidai tu. Ngoja nirudi nimwambie achukue gari lake aende kwa mafundi."

Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwao Cheche alikuwa ndiye huyu aliyekaa pembeni yake anajilaumu. Alikuwa amepiga hesabu ya Daktari kununa. Hakupiga hesabu ya hii. Hakuwahi kumwona mumewe akiogopa, na hofu ile ameitengeneza yeye kwa vidole viwili.

"Simamisha gari," alisema.

"Hapa?"

"Simama hapo ukutani. Injini haina kosa lolote."

Alishuka, akafungua boneti, akaingiza mkono pale alipopajua. Soketi ikabana, ikatoa kale kasauti kake kadogo. Alipoinua kichwa Kimya alikuwa amesimama karibu, ameona.

"Ulisahau," Kimya alisema. Alisema kwa upole, akimfungulia njia ya kutokea, na kwenye uso wake kulikuwa na nafuu kubwa kiasi kwamba angekubali jibu lolote.

"Sikusahau."

Lori lilipita barabara ya pili.

"Nilijua atapanda yeye," Cheche alisema. "Nikataka msifurahi. Ndiyo hivyo. Nilisikia wivu hadi nikawa sijielewi. Unamnawia mikono, unacheka naye, unamwambia habari za injini chini ya kitanda. Kitanda hicho nimekilalia mimi. Baka lile nimelisugua mimi, kwa magoti yangu. Umekaa na mimi umri wote huu, hukuniambia. Yeye amekupa nini hata umwambie?"

"Hajanipa kitu," Kimya alisema. "Aliniuliza."

"Basi?"

"Basi. Aliniuliza nilitaka nini nikiwa kijana. Wewe huniulizi. Wewe unasema sabuni imeisha, unasema mawe yanaongea. Mimi nakaa nafikiri, nijibu nini hapo? Nikimaliza kufikiri umeshaondoa sahani."

Cheche alifungua mdomo. Majibu alikuwa nayo, hajawahi kuyakosa maishani, na yalikuja yote kwa pamoja: kwamba mtu mzima haulizwi kama mtoto, kwamba mke mwema anajua bila kuuliza, kwamba yeye ndiye aliyebeba maneno ya nyumba nzima kwa sababu mwenzake aliyatua. Aliyapitia moja moja, na hakuona hata moja lililo swali. Alifikiri juu ya ule ukimya aliokuwa akiusoma, wa njaa, wa hesabu, wa uchovu. Ni yeye aliyeupa majina yale yote. Hakuna hata siku moja aliyomuuliza mwenyewe kama ni yenyewe.

Alifunga boneti. Walipanda. Kimya hakuwasha gari.

"Ile injini uliyoiuza," Cheche alisema, na sauti ilimtoka nyembamba, si yake. "Unaijutia?"

Angependa kusikia hapana. Alingoja hapana, kama mtu anavyongoja chenji yake.

"Kuna siku," Kimya alisema.

Ilimwingia. Ilimuuma kuliko stuli, kuliko sabuni, kuliko kile kicheko cha puani. Zamani angeishia hapo, akashuka akaenda nyumbani kwa miguu na kuwasimulia dada zake mpaka wapige makofi ya huzuni. Alikaza mikono juu ya testa.

"Siku gani?"

Kimya alifikiri, na Cheche akamwacha afikiri. Kisha akawasha gari, akaliingiza barabarani, na alipokanyaga kidogo tu ile pumzi ikaja, gari likawasukuma migongo kwenye viti. Naye akaondoa mguu. Akalirudisha gia ya pili, wakawa wanaenda mwendo wa baiskeli.

"Mvua ikinyesha," alisema. "Hakuna kazi, tumekaa tu. Siku hizo. Na nikimsikia kijana anapita na gari lenye pumzi. Lakini si kama unavyofikiri. Siwazi kwamba nisingeoa. Nawaza tu kwamba ningeiona inawaka mara moja. Sikuwahi kuiwasha, unajua? Nilikuwa naipaka mafuta tu."

"Uliogopa haitawaka?"

"Eeh," Kimya alisema, akamgeukia, ameshangaa. "Umejuaje?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Akamwambia. Akamwambia nani alimpa injini ile, na namna mama yake alivyodhani mwanawe ameficha maiti, na jina alilokuwa ameipa, ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Kwenye barabara kubwa malori yaliwapigia honi, yakawapita. Ukuta wa gereji ukatokea, kisha lango, na Daktari amesimama pale na mkoba wake, ameinua mkono, na mpaka rangi nyuma yake. Kimya alikuwa katikati ya sentensi. Hakukata kona, akapitiliza lango, na Cheche hakumkumbusha.